Keisi za gemu: viwanda viliiga dirisha, vikasahau matundu

Picha hii umeshaiona mara mia. Taa za chumbani zimezimwa, mezani kuna keisi ya kioo inayowaka zambarau na bluu, feni tatu za mbele zinazunguka, na chini yake kuna neno moja tu: "Hatimaye." Laiki zinamiminika. Washikaji wanaweka alama za moto. Wiki mbili baadaye mwenye picha anarudi kimyakimya na swali: gemu linaanza fresh, likifika dakika ya ishirini linaanza kukwamakwama, na mashine inavuma kama jenereta ya saluni. Kadi ya picha ni mpya, prosesa ni mpya. Sasa shida iko wapi?

Mara nyingi shida ni kitu kilekile kilicholeta laiki, yaani kioo cha mbele.

Kioo hicho kina historia, na historia yenyewe inachekesha kidogo na kuumiza kidogo. Keisi ya gemu kama tunavyoijua haikuanzia kiwandani. Ilianza na vijana waliokata bati kwa mikono yao ili joto lipate pa kutokea. Kampuni zikaja, zikaona dirisha walilokata, zikapenda, zikaliiga na kuliuza. Matundu ya hewa zikayaziba.

Kwanza suala la jina. Mitaani boksi zima huitwa CPU. Ukienda kwa fundi ukamwambia "CPU imekufa" atakuuliza "ipi, boksi au chenyewe?" CPU ni ile prosesa, kitu kidogo kama biskuti. Boksi linalobeba kila kitu ni keisi. Ndiyo inayoonekana kuliko vyote, na ndiyo watu huichagua kwa macho tu, kama wanavyochagua kava la simu.

Boksi la ofisini

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ya kwanza, modeli 5150. Ile ya msingi kabisa iliuzwa dola 1,565. Keisi yake ilikuwa bati zito, rangi ya chai yenye maziwa mengi, imelala chali mezani na skrini imekaa juu yake. Ndani kulikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda MHz 4.77, na haikuhitaji hata kipande cha chuma cha kuipoza. Pawa saplai nzima ilitoa wati 63.5.

Linganisha na RTX 4090 ya mwaka 2022. Kadi moja peke yake inakula hadi wati 450. Hizo ni pawa saplai saba za ile IBM, kwa kadi moja, kabla hujahesabu prosesa. Na umeme wote unaoingia kwenye kadi unatoka kama joto. Hauendi kwingine. Lakini keisi nyingi za leo, ukizitoa urembo, bado ni boksi la bati lenye mlango wa pembeni.

Kwa hiyo mwaka 1981 mtu aliyetengeneza keisi hakuwa na sababu ya kuwaza hewa. Alikuwa anatengeneza fanicha ya ofisi. Feni ya pawa saplai ilitosha, na kazi ya boksi ilikuwa kuzuia chai ya bosi isimwagikie ndani.

Kilichoibadilisha keisi kuwa kitu cha kuchagua ni karatasi moja ya vipimo. Mwaka 1995 Intel ilitoa mpangilio wa ATX: mazabodi ya milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu mahali maalumu, sehemu ya kuchomekea nyaya nyuma, pande zote zimepangwa. Kampuni nyingi zikaufuata. Mazabodi ya kampuni moja iliingia kwenye keisi ya kampuni nyingine bila ugomvi, na mpaka leo, miaka thelathini baadaye, matundu yale ya skrubu yako palepale. Ndiyo maana leo mtu anaweza kubadili keisi na kubaki na kompyuta ileile.

Vijana wenye msumeno

Mwaka 1996 ulikuwa mwaka mkubwa. Gemu la Quake lilitoka, na mwaka huohuo zikaja kadi za 3dfx Voodoo, ambazo kazi yake pekee ilikuwa kuchora picha za pande tatu. Ghafla kompyuta ya gemu ikawa kitu tofauti na kompyuta ya kuandikia barua.

Halafu 1998 ikaja prosesa moja ya bei ndogo, Celeron 300A. Kwenye boksi iliandikwa MHz 300. Vijana wakagundua kwamba ukibadili mpangilio mmoja kwenye mazabodi, nyingi kati ya hizo zinafika MHz 450 bila kulalamika. Yaani unanunua ya maskini, inakimbia kama ya tajiri. Sharti lilikuwa moja tu: joto. Ukiisukuma prosesa, inachemka, na boksi la ofisini halikuwa na pa kutolea mvuke.

Majina halisi ya walioanza kukata hayako kwenye vitabu. Walikuwa wanafunzi, mafundi, watoto wa watu wanaotumia msumeno wa baba bila ruhusa, Marekani na Ulaya, wengi wakijulikana kwa majina ya kubuni tu. Lakini walichofanya kinajulikana vizuri, kwa sababu walipiga picha kila hatua.

Jambo la kwanza lililowakera ni lile wavu la bati lililochongwa kiwandani mahali pa feni. Ukiangalia keisi ya zamani nyuma utaliona: vitundu vidogovidogo, au mistari, na bati lililobaki katikati ni nyingi kuliko nafasi ya wazi. Feni inapuliza, hewa inagonga bati, inarudi na kelele. Wakalikata lote, wakaweka waya mwembamba wa duara kuzuia vidole. Jambo la pili lilikuwa tundu la juu. Hewa ya moto hupanda, basi mtu anatoboa paa la keisi na kufunga feni inayotupa joto nje.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kwanza unatoa kila kitu ndani, mpaka skrubu ya mwisho, maana chembe moja ya bati ikidondokea kwenye mazabodi na kugusisha njia mbili za umeme, kwaheri. Unabandika gundi ya karatasi juu ya rangi ili msumeno usiikwaruze. Unachora kwa penseli, unatoboa pembeni kwa drili ili blade ya msumeno iingie, unakata polepole, unapiga tupa mpaka ukingo usikate mkono. Mwisho unazungushia mpira.

Dirisha ndilo lilileta sifa. Vijana hawa walikuwa wanabeba kompyuta zao nzima, na skrini zile nzito za mgongo mrefu, kwenda kucheza pamoja ukumbini. DreamHack ya Sweden ilianza 1994, QuakeCon ya Texas ikaanza 1996. Hebu fikiria ukumbi wenye mamia ya maboksi ya rangi ya chai, yote yamefanana. Aliyekata ubavu wa keisi yake, akaweka plastiki angavu na taa ya mrija ya bluu ndani, watu walisimama kwake. Mwaka 1998 huohuo Apple walitoa iMac ya buluu inayoonyesha ndani, na ikauzwa sana, kwa hiyo hata watu wasiojua gemu walikuwa wameanza kuchoka na rangi ya chai.

Ila hapa pana kitu kinachosahaulika. Kwenye mashine nyingi za vijana wale, dirisha na tundu vilikuja pamoja. Ukitazama ndani unaona prosesa iliyosukumwa na feni zilizoifanya iwezekane. Dirisha lilikuwa linaonyesha kazi, si taa.

Dukani

Kampuni hazikuchelewa. Lian Li ya Taiwan, iliyoanza mwaka 1983, ilijijengea jina kwa keisi za alumini, nyepesi kubeba na nadhifu. Miaka ya mwanzo ya 2000 keisi zenye dirisha lililokatwa tayari zikaanza kupangwa madukani. Alienware, iliyoanzia Miami mwaka 1996 ikiuza kompyuta za gemu zenye sura ya kiumbe wa angani, ikanunuliwa na Dell mwaka 2006. Katikati hapo kuna kipindi cha keisi za plastiki zenye uso wa roboti, macho mekundu na milango inayofunguka kama mabawa. Kipindi hicho kipite tu. Hata waliozinunua hawapendi kukumbushwa.

Kilichowaamsha watengenezaji kuhusu hewa ni Intel wenyewe, tena kwa kukosea. Mwaka 2004 walitoa Pentium 4 za kizazi kilichoitwa Prescott, na zilikuwa na joto la kutisha, nyingine zaidi ya wati 100 kwa prosesa peke yake. Wakajaribu kubadili keisi ya dunia nzima kwa mpangilio mpya ulioitwa BTX: hewa inaingia mbele, inapiga prosesa kwanza, inanyooka mpaka nyuma. Kwa upande wa hewa ilikuwa akili. Lakini ilimaanisha mazabodi mpya na keisi mpya kwa kila mtu, na prosesa zilizofuata zikawa na joto dogo zaidi, basi mwaka 2006 Intel wakaachana nayo. Dell waliitumia kwa muda. Ukikutana na Dell ya ofisini ya miaka ile, unaweza kushangaa mlango wake uko upande wa kulia wakati keisi nyingine nyingi zinafunguka kushoto. Si kosa la fundi. Ni kumbukumbu ya BTX.

Waliofanikiwa ni wale ambao hawakubadili mazabodi, walihamisha tu vitu. Mwaka 2005 Antec walitoa P180, waliyoibuni pamoja na watu wa tovuti iliyohangaika na kelele za kompyuta. Waliiteremsha pawa saplai kutoka juu wakaiweka sakafuni, kwenye chumba chake. Joto lake halikugusa tena prosesa. Angalia keisi nyingi za leo: pawa saplai iko chini. Mwaka uliofuata wakatoa Nine Hundred, ikiwa na uso wa wavu, feni mbili za milimita 120 mbele na moja ya milimita 200 juu kabisa, palepale ambapo vijana wa msumeno walikuwa wanatoboa. Hata ukubwa wa feni haukuwa urembo. Feni ya milimita 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya 80, kwa hiyo inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole, na kelele inapungua.

Nine Hundred ilikuwa sura mbaya, tukiongea ukweli. Ilipumua lakini.

Mwisho wa 2006 ikaja kadi ya 8800 GTX, ndefu karibu sentimita 27. Watu wakaleta mzigo nyumbani wakakuta haiingii, inagonga kizimba cha hadi diski. Unajua walichofanya. Wakachukua msumeno.

Enzi ya kioo

Mwaka 2014 NZXT walitoa keisi iliyoitwa H440, nayo ilifanya jambo la ujasiri: haikuwa na sehemu ya CD kabisa. Magemu yalikuwa yanashushwa kwenye intaneti, CD ya nini? Pawa saplai wakaifunika kwa kibati ili nyaya zisionekane. Ndani pakawa pasafi kama duka la simu. Uzuri wake haupingiki, na karibu kila keisi iliyofuata imeazima kitu kutoka pale. Lakini sehemu ya CD ilipoondoka, uso wa mbele ukabaki mtupu, na uso mtupu unavutia kufungwa ukawa laini kabisa.

Kisha plastiki angavu ikaondoka, kikaja kioo kigumu, cha aina ileile ya vioo vya pembeni vya gari. Kwanza ubavuni, halafu mbele. Taa za rangi zikaingia kwenye feni. Hii ni miaka ya Instagram: watu walianza kununua keisi waliyoiona kwenye picha, na picha haina joto wala kelele. Kioo cha mbele kikapigiliwa mbele ya feni tatu, hewa ikaachiwa ufa wa pembeni usiozidi vidole viwili. Feni zinawaka vizuri sana. Zinavuta hewa kama mtu anayekimbia huku ameziba pua.

Kadi ya picha ikichemka haifi papo hapo. Inajilinda: inapunguza kasi yake yenyewe mpaka joto litulie, na mchezaji anaona gemu linakwama. Hilo ndilo linalompata yule wa picha ya "Hatimaye". Akitoa kile kioo cha mbele kwa majaribio, akacheza gemu lilelile nusu saa, mara nyingi jibu analipata bila fundi.

Na kioo kina tabia yake nyingine. Kinahimili kupigwa katikati, lakini ukikiegemeza kwa kona kwenye sakafu ya vigae, kinaweza kulipuka chote na kuwa chembe kama chumvi ya mawe. Vigae ni vigumu na ukingo wa kioo ndio udhaifu wake. Ukifungua keisi, kilaze kitandani.

Lakini la kioo si baya kuliko yote. Mwaka 2020 ilitoka keisi moja ndogo, imesimama wima kama spika ya sebuleni, inapendeza kweli. Ndani yake kadi ya picha iliunganishwa na mazabodi kwa bodi ndogo ya kati, na bodi hiyo ilishikwa kwa skrubu mbili za chuma. Skrubu hizo ziliweza kugusa njia ya umeme ndani ya bodi. Baadhi ya mashine ziliungua. Kampuni ilituma kwanza skrubu za nailoni, lakini bodi yenyewe ilibaki na kasoro, na mtu yeyote akirudisha skrubu ya kawaida hatari inarudi. Novemba 2020 mauzo yakasimamishwa, na Februari 2021 keisi zikatangazwa rasmi kurudishwa Marekani, takriban 32,000. Skrubu mbili tu. Vijana wa 1998 waliotoa mazabodi nje kabla ya kupiga tupa, kwa hofu ya chembe moja ya bati, wangelielewa jambo hilo haraka kuliko idara nzima ya usanifu.

Wavu unarudi

Kurudi kwa matundu kulianza na waliopima. Watu walianza kununua keisi, kufunga vifaa vilevile ndani ya kila moja, kuweka kipimajoto, na kutangaza namba hadharani. Sura haikusaidia tena. Fractal Design ya Sweden, iliyopata jina kwa keisi za kimya zilizofungwa, ilitoa Meshify C mwaka 2017, uso wake wote ni wavu uliokunjwa kama karatasi ya origami. Mwaka 2020 Corsair wakatoa keisi moja kwa sura mbili, 4000D iliyofungwa mbele na 4000D Airflow yenye matundu. Mwili mmoja, chagua uso. Kule ilikuwa kukiri, hata kama hawakuandika hivyo kwenye boksi. Mwaka 2021 hata NZXT wakatoa H510 Flow, ile H510 yao iliyozibwa, safari hii imetobolewa.

Kioo chenyewe hakina dhambi. O11 Dynamic ya Lian Li, ya mwaka 2018, ina kioo mbele na ubavuni, na bado inapumua, kwa sababu hewa yake inaingia kutoka chini na upande mwingine, na pawa saplai imehamishiwa chumba cha nyuma. Kwa maneno mengine walioibuni walijiuliza kwanza hewa ipite wapi, ndipo wakaweka kioo pale isipopita. Ila feni zake unanunua mwenyewe, na bila za chini ni kabati la maonyesho tu.

Kwa mtu wa Dar au Mombasa hesabu ni kali zaidi ya hizo za wazungu. Feni haiwezi kupoza kitu chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32, hiyo ndiyo baridi yako. Halafu kuna vumbi. Keisi ya wavu bila kichujio itakuwa na zulia ndani ikifika miezi mitatu, kwa hiyo kichujio kiwe cha kutoka bila bisibisi, la sivyo hutakisafisha, na unajijua. Feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kidogo kuliko zinazotoa, ili hewa ipite kwenye kichujio badala ya kunyonywa na vumbi kupitia nyufa za nyuma.

Vipimo viangaliwe kabla ya hela kutoka. RTX 4090 ya Nvidia wenyewe ina urefu wa milimita 304, na za kampuni nyingine zinazidi hapo. Keisi huandika mwisho wake ni ngapi, na ukiweka rejeta mbele toa unene wake. Anayetaka kuhamisha matumbo ya Dell ya ofisini kwenda keisi mpya afungue kwanza aangalie, maana nyingi zina mazabodi na pawa saplai zisizofuata matundu ya ATX.

Na dukani, kabla ya kuuliza bei, muombe muuzaji aitoe kwenye boksi. Inama mbele yake, puliza kwa mdomo kwenye uso wake, kiganja kikiwa nyuma ya feni. Muuzaji atakuona kichaa. Kama kiganja hakijasikia kitu, mwambie alete nyingine.